Meno ya Mauwa

Hapo zamani, katika mji wa Shangarwe uliozungushiwa ukuta wa mawe na kuwekewa lango moja tu, walikaa watu waliojiona werevu kuliko wote walio chini ya jua, nao walikuwa wakiogopa kila kitu. Usiku hawakufagia, wasije wakafagia riziki zao. Hawakupiga mluzi, wasije wakaita nyoka. Jua likizama hawakuuza sindano, na chumvi hawakuitaja kwa jina lake. Bundi akilia juu ya paa, mwenye nyumba alianza kugawa urithi. Mtu akienda safari akajikwaa mguu wa kushoto, alirudi kulala, na yule aliyekuwa akimngoja huko aendako akangoja mpaka akachoka. Nami ningewaacha na hofu zao, maana mtu akitaka kuogopa ufagio wake mwenyewe hiyo ni shauri yake, lakini ilikuwako ada moja katika mji ule ambayo haikuwa ya kuchekwa.

Ada hiyo ilikuwa ya vigego. Kigego ni mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Watu wa Shangarwe walisema mtoto wa namna hiyo ni mkosi, huua jamaa zake, hukausha visima na huita nzige. Basi kigego akionekana, siku ya Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri hutolewa nje ya ukuta, akaachwa katika kichaka kilicho upande wa bara. Nyumba alimozaliwa huwa mali ya Sultani ili itakaswe, na mbuzi na kuku wa nyumba hiyo huenda kwa mpiga ramli ili wawe kafara. Jinsi nyumba hizo zilivyotakaswa hatukuambiwa, ila tunajua kuwa wajomba wa Sultani walihamia humo na wakanenepa. Katika watoto waliotupwa, wako waliookotwa na wapita njia. Wako ambao hawakuokotwa. Na mama zao waliambiwa wamshukuru Mungu kwa kuondolewa balaa.

Katika mji huo alikuwako mwanamke mmoja, jina lake Mize, msusi wa mikeka. Mumewe, Vuai, alikuwa mkwezi, akaanguka mnazini akafa, naye Mize akiwa na mimba changa. Akajifungua mtoto wa kike akamwita Mauwa, akawa ndiye mume, ndiye ndugu, ndiye mazungumzo yake yote. Mikeka aliisuka huku mtoto akiwa mapajani, na akipata shilingi alinunua majani ya mbuzi wake, mtoto apate maziwa, kabla hajanunua kitoweo.

Siku moja jirani yake, Bi Somoe, aliyekuwa na tabia ya kuingia nyumba za watu bila hodi, aliingia akamkuta Mauwa akilia, akamtia kidole kinywani ampooze. Akakichomoa mbio akapiga ukelele uliosikika mpaka sokoni.

"Kigego! Jamani, kigego! Ya juu yametoka, ya chini hayapo!"

Basi mji ukachafuka. Na ajabu ya watu ni kwamba kabla ya adhuhuri kila mtu alikuwa ameshakumbuka dhara alilotiwa na mtoto yule. Huyu kinu chake kilipasuka. Yule mbuzi wake aliharisha. Mwingine alikuwa ameachwa na mkewe tangu mwaka uliopita, mkewe akisema wazi kuwa ni kwa sababu ya uvivu wake, sasa akapata sababu nzuri zaidi. Wote wakaandamana kwenda barazani kwa Sultani, na Mize akasukumwa mbele yao, mtoto yuko mgongoni amelala, hana habari na meno yake.

Sultani wa wakati huo aliitwa Darweshi, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Kuliani kwake alikaa Kadhi Muhidini, aliyesoma vitabu vingi. Kushotoni alikaa Mzee Ngwali, mpiga ramli, ambaye hakusoma kitabu chochote lakini alikuwa na mbuzi wengi. Na huko nyuma, karibu na birika la kahawa, alikuwa amechutama mtu mmoja mwembamba, Mshamu, ambaye watu walimpa lakabu ya Chuya kwa kuwa walimwona ni wa kupepetwa na kutupwa. Mshamu hakuwa na nyumba, hakuwa na kazi, alilala popote penye paa na kula popote penye hitima, na kwa kuwa alijibu kila neno kwa namna yake, mji mzima ulikubaliana kuwa hana akili.

Sultani akanena, "Ewe Mize, mtoto wako ni kigego. Una neno?"

"Bwana wangu," akajibu Mize, "mwanangu ana meno mawili. Kabla ya meno hayo alikuwa mtoto, na baada ya meno hayo ni mtoto."

"Na baba yake je?" akadakia Mzee Ngwali. "Hakufa?"

"Vuai alianguka mnazini nikiwa na mimba. Mtoto hakuwa hata na kichwa, seuze meno."

"Ndiyo ujue nguvu za mkosi," akasema Mzee Ngwali, akitikisa kichwa kwa masikitiko. "Hata haukungoja azaliwe."

Watu wakaguna kwa kustaajabia elimu ile. Mize akamgeukia Kadhi, akamwambia, "Shehe, wewe umesoma. Nakuomba kwa haki ya Mungu uniambie, katika Kitabu chake limeandikwa wapi neno la meno ya juu?"

Kadhi Muhidini akatazama tasbihi yake. Alikuwa amekula halua ya Sultani asubuhi ile, na ilikuwa ingali tamu kinywani. Akasema, "Kitabuni, ama kusema kweli, sikupata kuliona. Lakini wazee wetu waliotangulia walikuwa watu wa kheri, na ada yao si kitu cha kutupwa."

"Kwa hiyo kitakachotupwa ni mtoto," akasema Mize.

Kadhi akaendelea kuvuta tasbihi yake. Mize akaona hapo hapati kitu, akajaribu njia nyingine. "Basi nani aliyeona, Bwana wangu? Bi Somoe alitia kidole leo. Mimi mama yake nasema ufizi wa chini ulivimba mapema, na huenda jino lilikwisha chomoza juzi likafunikwa na uvimbe. Iko shaka. Mwanangu asihukumiwe kwa shaka."

Mzee Ngwali aliyekuwa na jicho lake kwa mbuzi wa Mize, jike mwenye maziwa, alisimama upesi. "Bwana Sultani, tukiruhusu shaka, kila mama atakuja na shaka yake. Ada ni hii: mwenye shaka, asiyejulikana meno yake yalianzia wapi, ni kigego, mpaka aje shahidi aliyeona kwa macho yake jino la kwanza likitoka chini. Na mama si shahidi, kwa kuwa mama huongopa kwa ajili ya mwanawe."

"Umesema kweli," akanena Sultani. "Mpiga mbiu! Sikia maneno haya uyatangaze mjini. Aliyetangulia kuota meno ya juu asilale ndani ya ukuta wa Shangarwe. Na mwenye shaka ni kigego mpaka aje shahidi wa macho asiye mama."

Mpiga mbiu akayarudia maneno hayo kwa sauti kuu. Na alipomaliza tu, huko nyuma kwenye birika la kahawa pakasikika mtu anacheka, tena si kicheko cha kujificha.

"Nani huyo anayecheka barazani pangu?"

"Labeka, Bwana wangu, ni mimi Mshamu, mtumwa wa tumbo langu. Nacheka kwa furaha. Tangu nizaliwe nimekuwa nikiona nzige wakija na mvua ikikosa, na sikujua wanaongozwa na nini. Kumbe ni vijino viwili vya Mauwa! Sasa nimetambua, na kahawa inanishuka vizuri."

Watu wengine wakacheka, kisha wakakumbuka walipo, wakaziba vinywa. Sultani akakasirika. "Ewe mla hitima! Kwa kuwa wajiona mjuzi kuliko wazee wetu, nakupa muda mpaka jua la Ijumaa lizame. Nionyeshe kosa moja katika ada hii, kosa ambalo mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya watu wangu, nitalikiri. Ukishindwa utabaki kichakani na kigego wako, na ukionekana ndani ya ukuta utakatwa kichwa."

Hapo baraza zima likaangua kicheko, maana tangu Shangarwe iwe mji hajapata kutokea Sultani aliyekiri kosa. Babu yake Darweshi aliwahi kujigonga katika mlango wa msikiti, akaamuru mlango upigwe viboko.

Mshamu akainama. "Nimekubali, Bwana wangu. Lakini nina ombi. Nasikia anayembeba kigego kumtoa nje hukauka mkono, ndiyo maana kazi hiyo hupewa wafungwa. Nibebe mimi. Na kwa kuwa nitabeba mkosi wa mji mzima, naomba siku hiyo nishike bakora yako, ili mkosi uniogope, na walinzi wa lango wanitii mpaka kazi iishe. Na jambo la mwisho, uape kuwa ada itatimizwa yote kama ilivyotangazwa, lisipunguzwe neno, asisamehewe mtu."

Sultani akaona hili ni jambo la kumpendeza sana, kwamba punguani ameomba kwa kinywa chake kamba ya kujinyongea. Akasema, "Naapa kwa kiti cha babu yangu, mbele ya watu hawa wote. Na walinzi wa lango nao waape." Wakaapa.

Walipotoka nje, Mize akamkabili Mshamu, macho yamemwiva. "Hata wewe? Siku ulipokuja na njaa nilikupa muhogo wangu. Leo unaomba uwe ndiye wa kumtupa mwanangu?"

"Mwana Mize," akajibu Mshamu, "akimbeba mfungwa, atamwacha kichakani akimbie. Nikimbeba mimi, hatoki mikononi mwangu. Nawe siku hiyo chukua uji wa kutosha na kanga ya kumfunika. Tutakaa nje mpaka magharibi, na upepo wa jioni si mzuri kwa mtoto anayeota meno."

Mize hakuamini, lakini hakuwa na mwingine wa kumwamini. Akaenda akasonga uji, machozi yakidondokea ndani ya chungu.

Ijumaa ikafika. Nimesahau kuwaeleza kuwa ada ile ilikuwa na sehemu yake ya pili, ambayo watu wa Shangarwe waliipenda sana kwa kuwa ilikuwa kama sherehe. Kigego akitolewa, mji wote humfuata nje ya ukuta, kila mtu na gao lake la mchanga, akautupa juu ya nyayo za mbebaji ili mkosi usijue njia ya kurudi. Atakayebaki ndani husemwa kuwa ameuficha mkosi chini ya kitanda chake. Kwa hiyo hakubaki mtu. Walitoka wazima, walitoka wagonjwa, vikongwe walibebwa na vitanda vyao. Sultani alitoka amekaa kitini chini ya mwavuli mwekundu, na Kadhi, na Mzee Ngwali aliyekwisha kumfunga kamba mbuzi wa Mize akiwa naye hapo hapo, asije mtu akambadilishia. Hata wauza kashata walitoka.

Mshamu alitangulia, Mauwa mkono mmoja, bakora ya Sultani mkono wa pili, na Mize nyuma yake na kibuyu cha uji. Alifika ukingoni mwa kichaka, akageuka kabla mchanga haujatupwa, akapita katikati ya watu wote akirudi alikotoka, naye mtoto angali mkononi. Watu wakampisha, kila mtu akiogopa kuguswa. Akafika langoni, akawaambia walinzi wafunge. Wakafunga. Kisha akaketi juu ya jiwe mbele ya lango, akampa Mize mtoto, akaweka bakora magotini.

"Mpiga mbiu," akaita, "tukumbushe maneno ya ada."

Mpiga mbiu, ambaye kazi yake ilikuwa kupayuka bila kuuliza, akapayuka: "Aliyetangulia kuota meno ya juu asilale ndani ya ukuta wa Shangarwe! Na mwenye shaka ni kigego mpaka aje shahidi wa macho asiye mama!"

"Ahsante. Limo humo neno mtoto?"

Mpiga mbiu akafikiri. "Halimo."

"Basi, enyi watu wa Shangarwe, karibuni mmoja mmoja. Kila atakaye kulala ndani aje na shahidi wake aliyeona jino lake la kwanza. Mimi mwenyewe shahidi sina, mama yangu kafa, tena asingekubaliwa. Kwa hiyo nipo nje pamoja na kigego. Lakini mimi nimezoea kulala popote."

Kwanza watu walicheka. Wakaona ni upuuzi wa Mshamu, wakangoja uishe. Lakini lango halikufunguka. Akaja Bi Somoe, amebeba mwanawe aliyeanza kutembea. Wanawake wa mtaa wakatoka kushuhudia kuwa walimwona yule mtoto akiota jino la chini, kila mmoja akaapa.

"Mtoto ni safi," akasema Mshamu. "Mlinzi, mfungulie apite. Nawe Bi Somoe, shahidi wako nani?"

"Mama yangu yule pale!"

"Mama si shahidi. Mwingine?"

Hakuwako mwingine. Mtoto akaingizwa ndani peke yake, lango likafungwa, naye akaanza kulia huko ndani akimwita mama. Bi Somoe akagonga mbao kwa ngumi. "Mfungulieni! Mtoto wangu yuko peke yake! Mnamtenga mtoto na mama yake, nyinyi hamna roho?"

Mize alikuwa ameketi hapo hapo, anampa Mauwa uji. Akainua macho akamtazama Bi Somoe. Bi Somoe akakutana na macho yale, akayakwepa, akakaa chini mchangani akajifunika uso kwa kanga. Mshamu akaashiria, na mlinzi akamtoa mtoto akamrudishia mama yake, wakalia wote wawili nje.

Ikawa hivyo kwa kila mtu. Wakubwa wote hawakuwa na shahidi, kwa kuwa waliowaona wakiota meno walikwisha kufa, au walikuwa ni mama zao. Waziri alimleta shangazi yake, ajuza mwenye fahamu zake kamili. "Nakumbuka aliniuma," akasema shangazi, "aliniuma hapa begani, na alikuwa mtoto mbaya sana. Lakini kwa meno yapi, sikutazama, nilikuwa nikipiga kelele." Waziri akarudishwa. Kadhi Muhidini akaja akasema yeye ni mtu wa elimu, haulizwi mambo ya ufizi.

"Shehe, meno ya elimu ni yapi?" akauliza Mshamu. "Ya juu au ya chini? Wewe ulisema ada si kitu cha kutupwa. Ishike basi, hiyo hapo, wala si nzito."

Akaja Mzee Ngwali, mbuzi nyuma yake. "Mpumbavu wewe! Ada hii ni ya watoto!"

"Nawe hukuwa mtoto?" akasema Mshamu. Kisha akasimama juu ya lile jiwe, na uso wake ukawa si wa mzaha tena. "Nisikilizeni. Tangu babu wa babu zenu mnatupa watoto nje ya ukuta huu. Na nzige hawajaacha kuja. Na ndui imewaua. Na kisima cha sokoni kimekauka mara ngapi? Mmetupa na mmetupa, na mkosi haukutoka. Basi ni moja katika mawili. Ama meno ya mtoto hayaleti kitu, nanyi mmewaua watoto wenu bure. Ama meno yanaleta mkosi kweli, na vigego wenye mkosi wenyewe hawajatolewa kamwe, wamo humo humo ndani, wamekua, wameota ndevu, wanakula na kuhukumu. Mzee Ngwali, wewe una umri mkubwa na shahidi huna. Kwa ada yako mwenyewe wewe ni kigego. Unataka nizihesabu njaa zilizotupata tangu uzaliwe?"

Watu waliokuwa karibu na Mzee Ngwali wakasogea kando. Walikuwa watu wa namna hiyo, mtaniwia radhi. Dakika chache zilitosha waanze kumtazama vibaya mtu aliyewatazamia ramli maisha yao yote. Mmoja akaokota jiwe. Mbuzi akakatika kamba akaenda zake kwa Mize.

Sultani aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli wake akidhani haya hayamhusu, akaona jua linaelekea kuzama na chakula chake kiko ndani. Akawaambia wachukuzi wakinyanyue kiti, wakakifikisha langoni.

"Fungueni," akanena kwa kile kisauti chake.

Walinzi wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Tumeapa, Bwana wetu, kwa kiti cha babu yako. Na wewe umeapa. Ulisema asisamehewe mtu."

Sultani akageuka nyuma, akaona mji mzima unamtazama, na wengi wao wana watoto wanaolia njaa. Akaona leo si siku ya kuvunja kiapo. Akamwambia Mshamu kwa kiburi, "Mimi si kama hawa. Mimi shahidi ninaye, wala si mama. Yaya aliyenilea yu hai. Bi Mwanamvua!"

Bi Mwanamvua alikuwa mmoja wa wale vikongwe waliobebwa na vitanda. Wakamsogeza mpaka langoni. Mshamu akamwinamia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, Sultani wetu anasema wewe uliona meno yake ya kwanza. Yalitoka wapi?"

Bi Mwanamvua akatabasamu kwa ufizi mtupu, maana yeye hakuwa tena na la juu wala la chini. Akamtazama Sultani kwa muda mrefu, akamwuliza kwa upole, kama vile alivyomwuliza alipokuwa mdogo kama anataka kulala, "Niseme, baba?"

Sultani Darweshi akafungua kinywa ili aseme naam, sema. Akamtazama tena yule ajuza, na katika uso ule akaona kuwa kweli anajua, na kuwa yeye mwenyewe hajui. Hakuwa amewahi kufikiri jambo hilo. Jasho likamtoka chini ya kilemba.

"Usiseme," akanena.

Na wote wakasikia, hata waliokuwa nyuma.

"Haya, sisemi la meno," akasema Bi Mwanamvua. "Lakini nimezeeka, na la kitambaa nitalisema, nisife nalo. Watoto wa jumbani hufungwa kitambaa kinywani tangu wakiwa wachanga mpaka meno yajae yote, ya juu na ya chini. Wewe ulifungwa, na baba yako alifungwa. Nilipoingia kazini nikamwuliza bibi yako, kitambaa hiki cha nini? Akaniambia, cha kuzuia nzi." Akakohoa. "Nzi wako mji mzima, bwana wangu. Kitambaa kiko jumbani tu."

Hakucheka mtu. Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama katikati ya watu, ambaye mwanawe wa kwanza alitupwa kichakani zamani, na nyumba yake ikachukuliwa, akaanza kupaza sauti ya kilio. Akafuata mwingine upande wa pili, na mwingine, mpaka ikajulikana ni wangapi. Wanaume wakawa wanatazama ule mchanga waliokuja nao mikononi, hawajui wauweke wapi.

"Bwana wangu," akasema Mshamu, "jua ndilo hilo. Ama ulale kichakani nasi, ama useme lile neno."

Sultani akasema kitu kifuani.

"Walio nyuma hawakusikia, Bwana."

"Ada hii ina kosa," akanena Sultani Darweshi. "Lango lifunguliwe. Asitazamwe mtu kinywani tena katika mji huu."

Lango likafunguliwa, na wa kwanza kupita alikuwa Mize na Mauwa wake, mbuzi nyuma. Wale wajomba wa Sultani walihama katika nyumba za watu wiki ile ile, kabla hawajahamishwa kwa mawe. Sultani hakutoka jumbani kwa muda mrefu. Akamtumia Mshamu joho la hariri, si kwa mapenzi, bali kwa kuogopa atasema nini tena. Mshamu akalikata joho akampa Mize mbeleko ya kumbebea mtoto, na yeye akarudi kwenye hitima zake.

Ningependa kuwaambieni kuwa watu wa Shangarwe walipata akili. Lakini Ijumaa iliyofuata Kadhi Muhidini alihutubu kwa ukali dhidi ya ada ile, akasema yeye siku zote aliichukia, na watu wakaitikia amina. Mzee Ngwali akapiga ramli mpya, ikamwambia kuwa mtoto mwenye meno ya juu ni baraka, na anayeguswa na meno hayo hufunguka riziki. Basi asubuhi moja Mize akafungua mlango akakuta watu wamejaa mpaka njiani, wameleta kuku na vitambaa na watoto wagonjwa, wote wanataka Mauwa awaume kidogo. Mbele yao wote alikuwa Bi Somoe, mkono ameshaukunjua.

"Mwana Mize," akasema kwa unyenyekevu, "mtoto wako ana nini cha ajabu, atupe na sisi?"

Mize akawatazama wote, kuanzia yule wa mbele mpaka wa mwisho.

"Ana meno," akasema. "Ya kutafunia."

Akafunga mlango.

Nami hekaya yangu nimeiacha hapo mlangoni kwake. Aliye na meno na atafune, asiye nayo na anywe uji, na anayetaka kumtazama mwenzake kinywani, na aanze na kioo.